Mashine Haimjui Nyanya Yako: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Nairobi

Hamjambo nyote. Mpiga picha wa Nairobi kuacha kazi ya Jumamosi ili aje kusikiliza mtu akiongea si jambo dogo, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Nimekuja na picha mbili. Naomba zianze kuzunguka kutoka mstari wa mbele. Zishikeni kwenye kingo, vidole vina mafuta. Faili ni moja, karatasi ni moja, mashine ni ile ile. Bibi harusi amesimama na nyanya yake kwenye nyasi za Arboretum. Katika picha ya kwanza uso wa nyanya umeingia zambarau na gauni limekuwa la kijivu. Katika ya pili, nyanya ni nyanya. Kilichobadilika ni kimoja tu: mara ya pili, kijana aliyeketi kwenye mashine aliombwa azime marekebisho ya otomatiki.

Mashine ya labu, yaani duka la kusafisha na kuchapa picha, imeundwa kuamini kwamba ukichanganya rangi zote za picha, utapata kijivu cha wastani. Ikiona kijani kimezidi, inadhani kuna kosa, inatia majenta, ile rangi ya waridi iliyokaribia zambarau, ili kukipunguza. Nyasi hazilalamiki, ila nyuso zinaharibika. Mpige mtu kwenye udongo mwekundu wa Kiambu, inafanya kinyume: inauvuta wekundu nje na watu wanatoka kana kwamba wana malaria. Gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe? Inaona mwanga umepita kiasi, inapunguza, na uso mweusi unapotea. Wanaume wa suti nyeusi kwenye karamu ya usiku? Inaona giza, inaongeza, suti zinapauka. Kila mara mashine imefanya hesabu yake sawasawa. Tatizo ni kwamba haijui nyanya yako anafananaje.

Na jambo hili la nyuso zetu lina historia. Kwa miongo mingi labu zilipanga rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Wafanyakazi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mwanamitindo mmoja wa mwanzo. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine ilihesabiwa kuwa sawa, hata kama iko Afrika. Mpaka miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake watatu: mweupe, mweusi na wa asili ya Asia. Kwa hiyo mtu wa labu akikuambia ngozi nyeusi sana haitoki kwenye karatasi, usikubali. Karatasi ya leo inaweza. Anayepaswa kuamua uso utoke vipi ni mtu, na wewe ndiye uliyemwona aliyepigwa picha.

Sasa unaamuaje? Kama umeshahariri picha zako, mwambie mhudumu waziwazi: "Bosi, hizi zitoe vile zilivyo, usiguse rangi." Na umwambie kabla hajaanza, maana akishatoa mia mbili mtaanza kuvutana. Kama hujahariri, kaa karibu naye, chagua uso mmoja unaoujua, toeni ndogo mbili tatu za kujaribu, kisha mkubaliane. Ile mliyokubaliana, muachie moja aibandike kando ya mashine. Siku nyingine huna haja ya maneno mengi.

Lakini usimlaumu mhudumu kwa giza ulilolileta mwenyewe. Wengi mnahariri usiku, skrini imewashwa mwisho. Skrini ina taa ndani yake, karatasi haina. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta, shika karatasi nyeupe kando yake, punguza mwangaza mpaka vifanane. Utashangaa picha zako zilivyokuwa na giza muda wote huo. Na ukihifadhi faili, kwenye mpangilio wa rangi chagua sRGB. Mpangilio mwingine, Adobe RGB, una rangi nyingi zaidi, ni kweli, ila mashine nyingi za labu zinausoma kana kwamba ni sRGB na picha inatoka imefifia.

Kuhusu WhatsApp nitasema kwa ufupi, maana mnajua tayari na bado mnafanya. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, upande mrefu unashushwa hadi takriban pikseli 1600. Kwa inchi 4 kwa 6 hiyo inatosha. Kwa inchi 12 kwa 16 ya kuning'iniza sebuleni unabaki na pikseli 100 kwa kila inchi, ilhali labu hufanya kazi kwa 300 hivi. Itume kama dokumenti, au ibebe kwenye flash disk.

Kinacholeta ugomvi zaidi na wateja ni kukatwa. Simu nyingi hupiga picha za uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya 4 kwa 6 ni 3 kwa 2. Picha ya ukoo mzima ikijazwa kwenye karatasi hiyo, sehemu moja kati ya tisa ya kimo chake inaondoka, nayo ni vichwa vya warefu waliosimama nyuma au miguu ya watoto waliokaa mbele. Kwa kamera kubwa, ambazo nyingi hupiga 3 kwa 2, ni karatasi ya inchi 8 kwa 10 inayouma: picha iliyostahili urefu wa inchi 12 inabaki na 10. Kata mwenyewe nyumbani, au agiza ukingo mweupe. Na unapopiga, acha nafasi pembeni.

Nije kwenye labu zenyewe. Hapa mjini mashine zinazochapa kwa wino au kwa joto zimeenea kwa sababu hazitaki maji wala kemikali. Nyingine ni nzuri sana, sina ubaguzi nazo. Zile za kemikali zina mambo yake. Karatasi inaingia kwenye dawa ya nyuzi 35 hivi kwa sekunde 45. Stima ikipotea, tangi linapoa, na mwenye haraka akiendelea kabla halijapata joto, rangi zinayumba. Tena dawa hiyo inataka kazi nyingi. Labu isiyo na wateja, dawa inakaa, inapigwa na hewa, inachoka kama mafuta ya mandazi ya juzi. Utaitambua kwenye ukingo: mweupe umekuwa wa manjano, na nywele nyeusi zina ukijani. Kwa hiyo mimi hupendelea labu yenye foleni, hata kama ni ya ngazi nyembamba ghorofa ya tatu kule River Road, kuliko yenye viti vya ngozi na hakuna mtu.

Picha ikitoka, usiikague chini ya taa ya dukani. Toka nayo mlangoni, kivulini, mchana.

Dada wa pale nyuma ameuliza kuhusu filamu, maana vijana mmezirudia. Filamu ya rangi husafishwa kwa nyuzi 37.8, dakika tatu na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza, na hapo hakuna kujaribu tena, kwa hiyo peleka kwanza filamu usiyoijali. Ukiridhika, agiza skani kubwa, si ile ndogo ya kuweka mtandaoni. Na dai negativu zako siku hiyo hiyo, zikatwe fremu sita sita ili ziingie kwenye kurasa za plastiki za kuhifadhia.