Njaa na Shibe Zinavyoamuliwa Ubongoni

Mabibi na mabwana, ninawashukuru kwa kufika jioni hii. Hapa kwetu Mombasa, mtu mnene akiongeza sahani ya pili ya biriani husemwa kuwa ni mlafi asiyeweza kujizuia. Ninakusudia kuonyesha kwamba lawama hiyo, kwa sehemu kubwa, haina msingi, kwa kuwa kiasi tunachokula huamuliwa na ubongo pasipo kutushauri.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na ndani yake mna makundi mawili ya niuroni, yaani seli za neva, yanayopingana. Kundi moja, lijulikanalo kwa herufi AgRP, huchochea njaa. La pili, POMC, huleta shibe na kuuruhusu mwili utumie nishati zaidi. Wanasayansi walipoziamsha niuroni za AgRP kwa mwanga katika panya walioshiba, panya hao walianza kula kwa pupa ndani ya dakika chache.

Niuroni hizo nazo hupokea taarifa kutoka mwilini. Mwaka 1994 mwanasayansi Jeffrey Friedman na wenzake, jijini New York, walitambua jeni ya leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Miaka mingi kabla yake, mtafiti Douglas Coleman, katika jimbo la Maine nchini Marekani, alikuwa amewaunganisha panya wanene na wa kawaida ili damu yao ichanganyike, na panya wa aina moja ya wanene hao akapunguza kula, ishara kwamba damu ya mwenzake ilikuwa na kitu alichokikosa. Wapo pia watoto, wachache mno, wanaozaliwa bila leptini. Hula bila kutosheka, na wakidungwa homoni hiyo njaa yao hutulia.

Ilitumainiwa basi kwamba leptini ingekuwa dawa ya kila mwenye unene. Haikuwa hivyo, kwani wengi wao wanayo tele, ila ubongo wao hauiitikii ipasavyo. Kwa maoni yangu, kazi yake kuu ni kutangaza upungufu: mtu akikonda, leptini hushuka, niuroni za njaa huchachamaa, mwili hubana matumizi ya nishati, na hata hedhi ya mwanamke huweza kusimama. Ubongo huogopa kupungua kuliko kunenepa, na ndiyo maana anayejinyima chakula kwa miezi hushindana na mwili wake mwenyewe.

Tumbo nalo hutoa grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Mnaofunga Ramadhani mnaijua kazi yake, hata kama hamkulijua jina: saa ya mlo wa mchana huja na njaa kali, kisha hupoa ingawa hakuna kilicholiwa, kwa kuwa grelini hupanda kwa mazoea ya saa na kushuka yenyewe.

Utumbo, kwa upande wake, hutoa GLP-1, ambayo hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga na kuujulisha ubongo kuwa chakula kimefika. Dawa ya semaglutidi huiga homoni hiyo, na wengi hupungua uzito sana kwa kuitumia. Hata hivyo, katika utafiti mmoja, walioiacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo daktari anapaswa kumweleza mgonjwa kabla ya sindano ya kwanza.