Waliingiaje? Manusura wa Madhehebu ya Maangamizi katika Vitabu na Filamu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga kula hadi kufa, kuna swali ninalolisikia matangani, kwenye matatu, hata nje ya kanisa baada ya ibada: watu wazima na akili zao, walikubalije? Nimelitafutia jibu kwenye vitabu na filamu za mikasa ya mbali, na leo nawaletea kazi zilizonifaa.

Nianze na Jonestown, kambi iliyokuwa kule Guyana, Amerika Kusini. Tarehe 18 Novemba 1978 walikufa Wamarekani zaidi ya 900, wengi wao kwa sumu, wafuasi wa Jim Jones na kanisa lake la Peoples Temple. Takriban 300 walikuwa watoto. Masimulizi mengi ya mkasa huu humganda Jones: miwani yake myeusi, sauti yake, wazimu wake. Ukimaliza unamjua yeye, na katika wale wafu humjui hata mmoja. Filamu ya Stanley Nelson ya mwaka 2006 ilishika njia nyingine. Inawapa nafasi manusura waeleze walivyovutwa mwanzoni. Wanasimulia nyimbo, weusi na weupe kuketi pamoja katika Marekani ya ubaguzi, wazee kutunzwa. Hakuna kati yao aliyejiunga na dhehebu la maangamizi. Walijiunga na kanisa lililowaita ndugu, wakaona kweli wanatendewa kama ndugu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Kuna pia ukanda wa sauti wa saa ile ya mwisho. Mama mmoja, Christine Miller, anasimama kumpinga Jones mbele ya umati. Anasema watoto wanastahili kuishi. Wanaomzomea ni waumini wenzake. Huwa naumia nikisikia mtu akisema wote walijiua kwa hiari. Mtoto wa mwaka mmoja ana hiari gani?

Deborah Layton aliingia kanisa hilo akiwa msichana, akaaminiwa hadi kushughulikia fedha za kanisa. Mei 1978 alitoroka Guyana, mama yake mgonjwa akabaki kambini. Mwezi uliofuata aliandika hati ya kiapo akionya kwamba watu wanafanyishwa mazoezi ya kufa pamoja. Hiyo ilikuwa miezi mitano kabla ya maangamizi. Kitabu chake, Seductive Poison, kilitoka mwaka 1998, miaka 20 baadaye. Wasomaji wengi hukikimbilia kwa ajili ya ile sehemu ya kutoroka. Mimi hunishika ile miaka ya katikati, namna mtu anavyodaiwa leo hiki, kesho kile, hadi kulala kwake na siri za jamaa zake si mali yake tena. Kila alichokwisha kukitoa humfunga zaidi, kwa sababu akiondoka atakuwa amekitoa bure.

Huko Japani, baada ya wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo kumwaga gesi ya sumu ya sarini katika treni za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, mwandishi Haruki Murakami aliwahoji takriban watu 60 walioguswa na shambulio lile. Katika kitabu chake, Underground, kila mmoja anasimulia asubuhi yake: alikuwa akienda wapi, alisikia harufu gani. Kisha Murakami akawaendea waliokuwa wafuasi pia, akawasikiliza kwa utulivu uleule. Naona alitenda haki kuanza na walioumizwa.

Sasa nirudi nyumbani. Shakahola imefukuliwa miili zaidi ya 400, na mhubiri tunamjua sura, sauti na mavazi. Manusura je? Juni 2023, watu 65 waliookolewa walifikishwa mahakamani Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa kuwa walikataa kula. Wengi walishangaa: ameokolewa, anapewa uji, anakataa? Aliyemsoma Layton hashangai. Mwili ulikuwa umetoka msituni. Moyo bado ulikuwa kule, pengine pamoja na watoto waliozikwa kule.

Natamani kitabu chao, kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa lugha yoyote waliyomlilia Mungu nayo. Kama hapa ukumbini kuna mtu mwenye ndugu aliyetoka kule, na ndugu huyo yuko tayari kusema, nitakaa naye siku nyingi atakavyo, niandike bila kutaja jina lake. Na akitaka tuketi tu bila kuandika, nitaketi.