Kabureta Inasingiziwa

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, mafundi wenzangu, na vijana mliokuja na magari yenu kutoka Moshi na Babati, nawashukuru kwa kunialika tena. Nasema tena kwa sababu wamo humu watu watakaoyasikia maneno haya kwa mara ya tatu au ya nne, na tayari nimemwona mmoja akitabasamu. Atabasamu tu. Siku nitakapopita gerejini nikakuta gari la zamani linasumbua na hakuna mtu aliyeinamia kabureta na bisibisi mkononi, siku hiyo nitabadilisha mada.

Jambo langu ni lile lile: gari la kabureta likianza kusumbua, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iwe kitu cha mwisho kuguswa. Kwanza valvu, kisha mgandamizo wa injini, kisha mianya inayoingiza hewa mahali isipotakiwa, kisha moto wa plagi, na baada ya hayo yote ndipo petroli. Tunafanya kinyume kwa sababu kabureta iko juu, inaonekana, na ina skrubu zinazozunguka kirahisi, ilhali valvu zimejificha nyuma ya vifuniko na kuzifikia kunakutaka ulale chini kwenye vumbi.

Mnajua kwamba nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,584 na kabureta ya Solex 34 PICT-3. Nililinunua Tanga kwa mzee mmoja mstaafu, nikapanda nalo hadi Arusha, na tangu wiki ya kwanza lilikuwa na kasoro moja tu iliyonikondesha: ukitaka kuondoka, ukikanyaga mafuta, injini inasita kama mtu aliyeulizwa deni, halafu inakohoa, ndipo inaondoka. Ukishakuwa barabarani haina neno. Kwenye taa za barabarani ndipo aibu ilipokuwa, kwa sababu bodaboda wote walinipita huku wakigeuka kuniangalia.

Nikapeleka gereji. Fundi wa kwanza alizungusha skrubu. Fundi wa pili alizungusha zile zile kurudi zilikotoka, akazidisha sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, kwa kukaza skrubu inayokizuia kile kisahani kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta kisifunge, jambo ambalo kwenye kabureta ile halitakiwi kabisa, kwa maana mwendo wa sailensa una skrubu yake kubwa ya pembeni inayopitisha hewa bila kukigusa kisahani. Fundi wa tatu alisema kabureta imekufa. Nikanunua nyingine. Ile nyingine ikakohoa vile vile, nikaambiwa nayo ni mbovu, nikanunua ya tatu. Mke wangu aliuliza siku moja kama nafungua duka.

Hatimaye nilikwenda kwa mzee mmoja wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, ambaye hata leo hapendi kutajwa. Alinifukuza. Alisema injini ina joto na valvu hupimwa ikiwa baridi, niliache gari lilale, nirudi kesho asubuhi. Asubuhi alifungua vifuniko vya valvu, akapitisha filageji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.15, na akakuta valvu mbili za ekzosi zimebana kiasi kwamba filageji haipiti. Akazirekebisha. Akapima mgandamizo wa silinda zote nne, akaridhika. Kisha akaliwasha gari likiwa na kabureta yake ya kwanza, akapaka grisi nzito kwenye mhimili wa kile kisahani pale unapoingia kwenye mwili wa kabureta, tukasikia mlio wa injini ukibadilika, kumaanisha kwamba hewa ilikuwa ikipenya pale kwa sababu tundu la mhimili limelika. Hilo lilikuwa kosa la kabureta, nakubali, na mtu asije akasema nimelificha. Lakini halikuwa ugonjwa wenyewe, kwa sababu kabureta ya pili na ya tatu hazikuwa na mwanya huo na bado zilikohoa.

Ndipo akaitazama distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, akaniuliza, “Kijana, nani aliondoa kikopo hapa?” Sikujua anazungumzia nini. Mwenye gari wa zamani, au fundi wake, alikuwa ameondoa distributa ya asili na kufunga ile inayojulikana kwa tarakimu zake tatu za mwisho, 009, ambayo vijana wengi mnaipenda kwa kuwa imesifiwa kuwa ya michezo. Sasa nisikilizeni kwa makini. Distributa ya asili ina kikopo chenye utando wa mpira ndani, kilichounganishwa kwa mpira mwembamba na kabureta. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, mvutano wa hewa unafika kwenye kikopo na kuifanya cheche itangulie papo hapo, kabla injini haijapata mzunguko. Ile ya 009 haina kikopo. Inategemea vyuma vinavyotanuka kwa kasi ya mzunguko, maana yake ni kwamba inasubiri injini ikimbie ndipo iisaidie kukimbia. Kabureta ya 34 PICT-3 ilipangwa ifanye kazi na kikopo, na ukikiondoa, pampu yake ndogo ya kuongeza petroli haiwezi kuliziba pengo lile. Mzee alichimba kwenye sanduku lake, akatoa distributa yenye kikopo, akaifunga, akaweka taiming, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa taa ya kupimia. Gari likaondoka. Nilikuwa nimenunua kabureta mbili kwa ajili ya kosa la distributa.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba rafiki yake ana 009 na gari lake linakwenda vizuri. Inawezekana. Ukifunga kabureta mbili, moja kila upande, na ukazipangia jeti zake, yaani vitundu vinavyopima petroli, habari ni nyingine kabisa. Na yupo mwingine, huyu huwa hakosekani, atakayesema kwa nini tuhangaike hivi, si ung’oe injini yote ufunge ya Toyota? Ni mali yako, fanya. Lakini utatafuta rejeta na mahali pa kuipitishia hewa kwenye gari ambalo injini yake iko nyuma na lililoundwa lipozwe kwa upepo wa feni, utachonga mabano, utabadilisha ekzosi, na ukimaliza utakuwa umeunda gari jingine. Usije hapa kutuambia umekarabati la zamani. Kuondoa platini, ile swichi ya kukata umeme wa cheche, na kuweka kifaa cha elektroniki ndani ya distributa, hilo siligombi. Hata langu ninalo.

Nirudi kwenye kabureta, maana zamu yake hufika. Sisi wa Arusha tunaishi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takribani asilimia 13. Kabureta haina njia ya kulijua hilo. Petroli inapungua pia, lakini si kwa kiasi kile kile, na matokeo yake petroli inazidi kwenye mchanganyiko kwa karibu asilimia 7. Plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka, na tenki linakauka. Kwenye gari langu nilitoa jeti kuu ya 127.5, yaani tundu la milimita 1.275, nikaweka ya 122.5, na plagi zikarudi rangi ya kahawia. Nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudishwi na jeti yoyote, kwa hiyo acheni kuitafuta. Na ukishuka pwani na jeti ndogo, injini itakosa petroli na kupata joto kali, na kwenye injini ya kupozwa kwa upepo valvu za ekzosi ndizo zitakazolipa. Mimi husimama Korogwe, naagiza chai, naacha injini ipoe, halafu narudisha jeti kubwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na bado sijagusa urembo, ambao ndio wengi mmekuja kuusikia. Nitasema mawili. La kwanza, mabati yanayoizunguka injini ya Beetle si urembo wa kiwandani. Ndiyo yanayoongoza upepo wa feni upite kwenye silinda, pamoja na mpira unaoziba ukingoni ili hewa moto ya chini isirudi juu. Nimeona injini zimevuliwa mabati ili zionekane na kupigwa picha. Zinapendeza hadi Makuyuni, kisha joto linazishika. La pili, kichujio cha hewa cha asili chenye bakuli la oili kina sura mbaya, lakini kinakamata vumbi la barabara zetu, na bomba lake linaloleta hewa ya moto linazuia barafu isijijenge ndani ya kabureta kwenye asubuhi za Julai. Ndiyo, barafu. Petroli inapogeuka mvuke inapoza chuma sana, na hewa yenye unyevu inaganda humo ndani hata kama wewe uliye nje huoni baridi ya kutisha. Aliyeweka kichujio kidogo kinachong’aa asije kuniuliza Julai kwa nini gari linazima.

Breki, sitapata nafasi. Kwa kifupi, anayeongeza nguvu kabla ya kutazama silinda za breki na mipira yake hajanisikia. Matairi mapana vile vile yanakula beringi.

Ila mpira wa petroli siuachi. Ule uliomo ndani ya chumba cha injini ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha leo, na ukiwa hapo kamata kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, ukitikise kwa vidole. Kikicheza, siku moja kitachomoka injini ikiwa moto, petroli itamwagika juu ya koili na distributa, na gari litaungua mbele ya macho yako. Kiondoe, ukifunge upya kikaze.

Maswali nitayajibu nje. Gari langu liko chini ya mwembe, halijawashwa tangu jana jioni, na filageji imo mfukoni. Anayetaka kulala chini na kupima valvu aje na gunia la kulalia, maana nililokuwa nalo limeazimwa.