Tope la Kilwa na Barafu ya Antaktika

Ndugu zangu, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kufika.

Miaka milioni 34 hivi iliyopita Antaktika ilianza kufunikwa na barafu. Kabla ya hapo bara lile lilikuwa na misitu. Kisha, katika muda wa miaka kama laki tano tu, barafu ikatanda sehemu kubwa ya bara, na usawa wa bahari ukashuka makumi ya mita duniani kote. Kwa wanajiolojia huo ni muda mfupi mno.

Tumejuaje? Kuna viumbe wadogo wa baharini waitwao foraminifera. Maganda yao ni ya chokaa, na ndani ya chokaa mna oksijeni. Hapa ndipo penye kiini, naomba tuende polepole. Ipo oksijeni nyepesi, ya 16, na ipo nzito, ya 18. Maji yenye ile nyepesi hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi. Mvuke huo ukianguka kama theluji, kisha ukayeyuka na kurudi baharini, hakuna kinachobadilika. Lakini theluji ikirundikana Antaktika isiyeyuke, bahari hubaki na sehemu kubwa zaidi ya oksijeni nzito, na maganda yanayojengwa humo huibeba.

Shida ni kwamba maji yakipoa, ganda nalo huchukua oksijeni nzito zaidi. Kipimo kimoja, sababu mbili. Ili kuzitenganisha, wataalamu hupima pia magnesiamu iliyomo, kwa kuwa huongezeka maji yakiwa ya moto. Walipopima maganda ya vilindini, hawakuona dalili ya bahari kupoa. Basi badiliko lote la oksijeni lingekuwa limetokana na barafu, tena barafu nyingi kuliko Antaktika ingeweza kubeba! Hesabu ilikataa.

Jibu likatoka kwetu, Kilwa. Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Paul Pearson, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichoronga miamba ya pwani yetu ya kusini, ambayo zamani ilikuwa tope la sakafu ya bahari. Tope lile ni la mfinyanzi mzito, halipitishi maji, kwa hiyo maganda hayakuchujuka wala kugeuka. Chini ya hadubini yanang'aa kama kioo, ilhali mengi ya vilindini yamefifia na kuwa meupe kama chaki. Humo unamwona Hantkenina, foraminifera mwenye miiba, na ukipanda juu kidogo kwenye mwamba, hayupo tena. Kutoweka kwake ndiko kunakotenganisha vipindi viwili vya kijiolojia, Eosini na Oligosini.

Mwaka 2008 mtafiti Caroline Lear na wenzake walichapisha vipimo vya maganda hayo: bahari ilipoa kwa nyuzi 2.5 hivi za Selsiasi. Hesabu ikakaa sawa, barafu ikatosha Antaktika.

Kwa nini vilindi vilificha ubaridi huo? Kwa sababu kemia yake ilibadilika wakati uleule. Katika Pasifiki, kina ambacho chini yake chokaa huyeyuka kilishuka kwa zaidi ya kilomita moja, na badiliko hilo lilivuruga kiasi cha magnesiamu kinachoingia kwenye ganda. Kilwa haikuguswa hivyo, maana bahari yake haikuwa na kina kirefu kiasi hicho.

Mwaka uliofuata, maganda ya Kilwa yalipimwa boroni, inayoonyesha uchachu wa maji na hivyo kiasi cha hewa ya ukaa angani. Hewa hiyo ilishuka kabla ya barafu kukua kwa wingi. Baadaye ikapanda tena, lakini barafu haikuondoka. Ilikwisha kuwa nene, uso wake uko juu kwenye baridi kali, na weupe wake unarudisha angani mwanga wa jua ambao ungeipasha joto. Kuiondoa kulihitaji joto kubwa kuliko lile lililokuwapo kabla haijaanza.