Wali wa Kunata na Mtungi wa Padaek: Nimeingia Jikoni Kijijini, Laos

Haya wadau, mashine ya mtumbwi imezimwa, sasa mnanisikia. Shikamooni wazee wangu. Mama, najua unanitazama kwa simu ya mdogo wangu, na kabla hujasema nimekonda, subiri uone ninavyolishwa huku.

Leo niko kaskazini mwa Laos, kwenye Mto Nam Ou, ule unaoingia Mekong juu kidogo ya mji wa Luang Prabang. Kutoka Thailand ninakofundisha nimevukia Huay Xai, nikapanda boti ya mwendo wa pole. Ni safari ya siku mbili, usiku mnalala Pakbeng. Ukishuka Luang Prabang unapanda gari dogo hadi Nong Khiaw, na kutoka hapo ni mtumbwi mwembamba wa injini, magoti yanagusa kidevu. Najua kuna mjuaji ataniuliza kwa nini sikupanda treni ya Wachina iliyofunguliwa Desemba 2021. Kaka, ile reli haifiki huku, na sehemu kubwa inapita ndani ya mahandaki. Ningewaonyesha giza?

Sasa lile swali lenu la kila siku: wanakula nyoka, wanakula panya? Panya wa porini wanaliwa, wadudu wanaliwa. Lakini video za mtu anakunja uso huku ametumbukiza mende mdomoni zimejaa, na zinawadanganya, kwa sababu hicho siyo chakula cha kila siku cha hawa watu. Cha kila siku ni wali wa kunata, khao niao. Asubuhi, mchana, jioni. Watafiti waliozunguka Laos kati ya 1995 na 2000 walikusanya sampuli zaidi ya 13,000 za mbegu za mpunga, na zaidi ya asilimia 80 zilikuwa za huu wa kunata. Yaani mtu anakuwa na mbegu ya bondeni, mbegu ya mlimani, ya kuwahi, ya kuchelewa, na zote zinanata.

Njooni jikoni. Mwenyeji wangu ni bibi mmoja. Tunaelewana kwa Kithai changu, maana Kilao kiko karibu nacho, na pale kinapogoma tunatumia mikono. Mchele ameuloweka tangu jana usiku. Alfajiri anaumimina kwenye kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, anakikalisha juu ya sufuria ya shingo nyembamba yenye maji yanayochemka. Wali hauguswi na maji hata kidogo, unaiva kwa mvuke tu. Katikati anakirusha kikapu juu, pap, wali wote unageuka, wa chini unakuwa juu. Nimejaribu, jogoo wa jirani ndiye aliyefaidi. Ukishaiva anaumwaga kwenye ubao, anautandaza na kuupepea ule mvuke utoke, kisha unaingia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, tip khao. Humo unakaa laini hadi jioni, na ndiyo huo huo wanaokwenda nao shamba. Hakuna cha kupasha.

Kula ni kwa mkono wa kulia. Unafinya tonge kama la ugali, dogo zaidi, unachovya. Vijiti mnavyoona kwenye sinema ni vya supu ya tambi tu. Na ukimaliza, funika kikapu. Kukiacha wazi wanasema ni mkosi.

Unachovya wapi? Kwenye jeow. Bibi anachoma pilipili, vitunguu, vitunguu saumu na bilinganya kwenye makaa mpaka maganda yanakuwa meusi, anamenya, anatwanga kwenye kinu. Halafu anafunua mtungi.

Jamani, ule mtungi. Ndani kuna padaek: samaki wa mtoni, chumvi na pumba za mpunga, wamekaa humo miezi, wengine zaidi ya mwaka. Harufu yake inakutana na wewe kabla hujapanda ngazi. Mkiikuta kwenye mboga, hata hivyo, hamtasikia uvundo, mtasikia utamu tu wa aina ambayo chumvi peke yake haiwezi kuleta. Mimi naomba ichemshwe kwanza, na samaki mbichi wa kukatakata sigusi hata nikibembelezwa. Samaki wa mito ya huku wana minyoo ya ini, na ikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani ya mirija ya nyongo. Nilipokataa hakuna aliyenuna, nikapewa mok pa: samaki aliyepakwa viungo vilivyotwangwa na mchaichai, akafungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Hiyo nakula mpaka jani.

Kuna na kai, mwani wa mtoni. Unaota juu ya mawe wakati wa kiangazi, maji yakiwa maangavu na mafupi. Wanawake wanaingia hadi magotini wanauvuta, wanauosha na kuuosha tena mchanga utoke, wanautandaza mwembamba juu ya mkeka, wananyunyiza ufuta, wanapanga vipande vya vitunguu saumu na nyanya, jua linafanya kazi. Ukipitishwa kwenye mafuta ya moto sekunde chache, unakatika mdomoni kwa mlio.

Lakini kai inataka maji yanayotembea juu ya mawe. Kwenye Nam Ou kuna mabwawa saba ya umeme, yamejengwa na kampuni ya China. Matatu ya kwanza yalikamilika 2016 na yote saba yalikuwa yanazalisha kufikia 2021. Zamani ungepanda boti Luang Prabang ukafika Nong Khiaw kwa mto huu huu. Sasa ukuta umekatiza njia. Hapa kijijini wanawake wanakwenda kuchuma kai kwenye kijito, mto wenyewe mbele ya nyumba umetulia mno. Umeme ni kitu kizuri, mimi mwenyewe nimechajia kamera yangu hapa. Ila nikisikia mtu anasema mabwawa yameleta maendeleo, namuuliza: mboga ya bibi umeiweka upande gani wa hesabu?

Kwingine kijiji ni kijiji. Nyumba ziko juu ya nguzo, chini kuna kitanda cha kufumia, kuku na watoto. Asubuhi watawa wa Kibuddha wanapita miguu peku, kina mama wanawawekea wali kwa mkono. Na kile chungu cha maua mlichokiona nyuma yangu ni ganda la bomu. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilimwaga zaidi ya tani milioni mbili za mabomu nchi hii, watu wa mto huu wakaishi mapangoni. Nitaifanyia video yake, siyo jambo la kupitia juu juu.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani: mchele wetu wa Kyela hautanata hivi, msihangaike. Fanyeni jeow. Choma bilinganya, pilipili na saumu kwenye mkaa, twanga na chumvi, kamulia ndimu, kula na ugali. Pilipili anza na mbili.

Bibi ananiita, chakula tayari. Kwaherini.