Mtu wa Karonga, Malawi, anafungua kesi Arusha, wa Kyela haruhusiwi

Asanteni, kaeni jamani, wale wa nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Najua kuna wengine mlishanisikia kule Tukuyu na mtasema huyu kaja tena na mahakama yake ya Arusha, ile ya Afrika ya haki za binadamu. Ndio, nimekuja nayo tena na nitaendelea mpaka kieleweke.

Nimeulizwa kama serikali inatakiwa kuheshimu mikataba ya kimataifa iliyosaini. Mimi hata linavyogeuka kuwa swali linanishangaza. Katiba yetu ibara ya 63 imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, maana yake mbunge wako alikaa pale Dodoma spika akahoji, na yeye akaitikia ndiyooo kwa niaba yako. Sasa serikali ikija kugeuka baadae, aliyegeukwa wa kwanza ni wewe uliyeitikiwa.

Tumchukue Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa hukuhuku kwetu, Ludewa. Siasa zake wengine mlizipenda wengine hamkuzipenda, mimi mwenyewe kuna mengi aliyosema siyakubali kabisa, ila kesi yake ni ya kila mtu aliyekaa humu. Mwaka 1993 alienda Mahakama Kuu Dodoma kudai kwamba mtu awe na haki ya kugombea bila kupitia chama. Jaji Lugakingira akampa ushindi 1994, serikali ilifanya nini? Ilipeleka muswada bungeni mwaka uleule ikabadilisha Katiba ili zuio libaki. Mzee akarudi tena mahakamani 2005, 2006 akashinda tena, serikali ikakata rufaa na 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hili ni la Bunge sio la mahakama. Mtu mwingine hapo angeenda kulima. Yeye akaenda Arusha.

Na alienda kwa sababu mlango ulikuwa wazi, hapa naomba mnisikilize vizuri mana ndo penyewe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeanzishwa kwa itifaki ya mwaka 1998. Sisi tuliiridhia 2006, tukaipa na makao hapohapo Arusha. Lakini kwa itifaki ile mwananchi wa kawaida hawezi kwenda moja kwa moja mpaka nchi yake iweke tamko maalum la kumruhusu, ndio ibara ya 34(6). Tanzania iliweka tamko hilo 2010. Mtikila akapeleka shauri lake 2011, Chama cha Wanasheria na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walikuwa wamefungua lao, yakaunganishwa, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ile kuingia kwenye kiini cha kesi na kukuta nchi ina makosa, na nchi yenyewe ndiyo mwenyeji wake.

Haya, muda unaofaa ni upi? Mchungaji alifariki kwa ajali Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi. Tukapiga kura 2015, tukapiga 2020, tukapiga 2025, mgombea binafsi hakuna. Itifaki ibara ya 30 inasema nchi zimejifunga kutekeleza hukumu katika kesi zinazozihusu, hakuna aliyetushikia bunduki tuisaini.

Alafu Novemba 2019 tukaondoa lile tamko, mwaka mmoja baadae likakoma rasmi. Serikali ilieleza kwamba tamko lilikuwa linatumika kinyume na masharti iliyoyaweka. Najua kuna mwanasheria humu anataka kuniambia mwalimu kujitoa ni halali, ni kweli ni halali, mahakama yenyewe ilishasema kwenye kesi ya Rwanda kwamba nchi inaweza ikajitoa kwa notisi ya mwaka mmoja. Sibishi. Lakini kujitoa hakufuti hukumu za nyuma. Ukichukua mkopo wa vikoba alafu ukaaga kikundi, deni linabaki palepale na kina mama watakuja nyumbani. Na kabla tamko halijakoma tulishahukumiwa mengi, sio la Mtikila tu, hata ile adhabu ya kifo ya lazima ambayo jaji hapewi nafasi ya kupima chochote, mahakama ilisema Novemba 2019 hiyohiyo kwamba inakiuka haki ya kuishi.

Sasa sikieni hili, ndo linaniumiza kuliko yote. Malawi waliweka tamko lao 2008 na hawajaliondoa. Yani mtu wa Karonga akidhulumiwa na serikali yake, akashindwa mahakama zote za kwao, anapanda basi anavuka Kasumulu, anapita Kyela, anapita Tukuyu, anapita hapa Mbeya mjini, anafika Arusha kwenye ardhi yetu anafungua kesi yake anasikilizwa. Wewe wa Kyela uliyemuuzia ndizi njiani huruhusiwi. Wewe wa Mbarali mwenye mgogoro wa ardhi huruhusiwi. Jengo liko kwetu alafu sisi ndio tuko nje! Nieleze wewe mzee wangu hapo mbele, hiyo ni sawa?

Watu wananiambia uhuru wa nchi mwalimu, hatuwezi kupangiwa. Jamani, kusaini ndio kutumia uhuru wenyewe, koloni halisaini mkataba. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, ule wa sheria ya mikataba yenyewe, ibara ya 26 unasema mkataba unawafunga walioingia na lazima utekelezwe kwa nia njema, na ibara ya 27 inakataza nchi kujificha nyuma ya sheria zake za ndani.

Na kama mkataba ni mbaya je? Hapo nampenda Mwalimu Nyerere. Tanganyika ilirithi mikataba ya Mwingereza, mingine mibaya kwelikweli, mmojawapo ule wa maji ya Nile wa 1929. Mwalimu hakukaa kimya akawa anaivunja chinichini. Tulivyopata uhuru 1961 akaandika Umoja wa Mataifa kwamba ile ya nchi mbilimbili tutaendelea kuitekeleza kwa miaka miwili, tunaipitia, tusiyokubaliana juu yake itakoma. Na huo wa Nile 1962 tukawaambia Uingereza, Misri na Sudan wazi kwamba hautufungi. Ukitaka kutoka unatoka hivyo mchana kweupe na sababu unaitaja. Na wakati mzuri zaidi wa kubisha ni kabla ya kuridhia, watu wa Mbeya mnalijua hili, 2023 kesi ya ule mkataba wa bandari na Dubai si ilifunguliwa hapahapa kwetu Mahakama Kuu, japo Bunge lilikuwa limesharidhia? Walishindwa, ila walibisha kwa njia yake, na Bunge nalo lingeubishia namna ile kabla ya kuuridhia wala tusingefika huko.

Muda naona umeisha, mwenyekiti nipe dakika mbili, hili la biashara naliharakisha. Machi 2025 Malawi walizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi zetu. Afrika Kusini ndizi zetu walizikataa miaka. Tukapiga kelele kwamba wanakiuka makubaliano ya SADC, jumuiya yetu ya nchi za kusini mwa Afrika, na tulikuwa na haki, Itifaki ya Biashara tulisaini wote 1996. Aprili na sisi tukafunga mazao yao, Mei wakakaa wakayamaliza. Lakini wakulima wa mahindi mnakumbuka Juni 2017? Nani alizuia mahindi yasitoke nje ya nchi bila kusagwa? Ni sisi wenyewe, bei ikaanguka, watu Songwe na Rukwa wakabaki na magunia ndani. Huwezi kushika itifaki ukiwa Kasumulu alafu ukaiweka kabatini ukiwa Tunduma. Nchi kubwa ikivunja mkataba ina manowari na ina hela, sisi tukionewa tuna karatasi tu, ndo mana ni lazima karatasi zetu ziaminike.

La TAZARA na mpaka wa Ziwa Nyasa naliacha, tutalifanya siku nyingine na watu wa Itungi wawepo.

Ninachoomba ni kimoja. Mbunge wenu akija, barabara mumuulize, maji mumuulize, alafu mtu mmoja asimame aulize maswali mawili na mwingine aandike majibu: hukumu ya Mtikila ya 2013 inatekelezwa lini, na tamko la 34(6) linarudishwa lini. Akisema hajui, mpeni tarehe ya kurudi na jibu.