Macho Hayana Pazia: Figo Zinavyoonekana Kupitia Jicho

Mhadhara kwa wastaafu, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana mliowasindikiza, habari za asubuhi.

Nimeombwa niongee juu ya macho. Basi nitaanza na mkojo. Chekeni, hamna shida, tutafika.

Kila wiki mzee huketi mbele yangu, anavua kofia, ananiambia, "Daktari, macho yameisha, ni uzee tu." Mara nyingi ni kweli. Ukipita miaka 40 lenzi ya jicho inakakamaa, unasogeza gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Umri ukisogea zaidi lenzi hiyo inaingia ukungu, ndio mtoto wa jicho, na huyo tunamtoa kwa upasuaji, mtu analala kwake. Figo nazo zinazeeka. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, na kuanzia miaka 40 hivi nguvu ya kuchuja hupungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Uzee upo, sibishani nao. Ninalogombana nalo ni hilo neno "tu".

Wahenga walisema macho hayana pazia, kwa maana jicho litaangalia chochote kinachopita mbele yake. Mimi kwa kazi yangu methali hiyo naishika kwa upande wa pili: jicho halina pazia hata kwa anayechungulia kutoka nje. Nikikutia matone ya kupanua mboni, nikasubiri dakika 20, nikamulika, naiona retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na juu yake mishipa ya damu imetandaa kama mizizi. Sijakata kitu, sijachoma sindano. Hakuna mahali pengine mwilini ninapoweza kuitazama mishipa midogo ya damu kirahisi hivyo. Presha ikikaa juu miaka mingi, ateri zinakuwa ngumu, zinang'aa kama waya wa shaba, na pale ateri inapokatiza juu ya vena inaibana, kama mtu aliyeukanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Hali ikizidi kuwa mbaya naona vidoa vya damu, na mabaka meupe kama pamba iliyochambuliwa.

Sasa figo ni nini? Kwa sehemu kubwa ni mishipa ya damu iliyosokotwa. Kwa siku moja zinachuja maji kama lita 180, karibu yote zinayarudisha mwilini, wewe unabaki na lita moja na nusu hivi ya kwendea haja ndogo. Mishipa inayochuja ni myembamba kama ile ya retina, na inaumizwa na mambo yale yale: sukari na presha. Ila figo siwezi kuichungulia. Kwa hiyo nikiona retina ya mgonjwa wa kisukari imeanza kuvuja, swali langu la pili huwa ni la mkojo: una povu lisiloisha haraka? Asubuhi kope zinavimba? Povu lile mara nyingi ni protini, mali ya mwili inayopita kwenye chujio lililotoboka. Mtu anaamka uso umevimba, jirani anasema amelogwa, mwenyewe anasema amelala vibaya.

Jambo hili si jipya. Miaka ya 1830, Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital pale London, aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wake wa figo walikuwa wanapoteza uwezo wa kuona. Asingeweza kutazama ndani ya jicho kujua sababu, maana kifaa cha kuchungulia kilitangazwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, miaka mingi baada ya yeye kuandika hayo. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwapanga wagonjwa wa presha katika makundi manne kwa kutazama retina zao. Wale wa kundi la nne, ambao mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umevimba, walio wengi walikufa kabla mwaka haujaisha. Siku hizi dawa zipo. Lakini nikikuta jicho la namna hiyo simwandikii mtu miwani. Namtafutia kitanda siku hiyo hiyo.

Msiseme haya ni ya Ulaya. Utafiti uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima kama 7 katika kila 100. Mjini walikaribia 15, vijijini 2. Na kati ya wenye ugonjwa, kama mmoja tu katika kumi ndiye aliyekuwa anajua. Huko Australia, eneo la Blue Mountains, watu ambao figo zao zilikuwa zimepungua nguvu walipata dalili za mwanzo za kuchakaa kwa kitovu cha retina mara tatu zaidi ya wenzao. Huo ndio ugonjwa unaoitwa wa uzee kuliko yote. Sisemi figo ndiyo iliyousababisha. Nasema vilionekana vikitembea pamoja.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo tunapokosea sisi wenyewe madaktari. Figo tunazipima kwa damu, kitu kinachoitwa kreatinini. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo zikichoka kuichuja namba yake kwenye damu hupanda. Mchukueni kijana wa miaka 25 mwenye kilo 75, na bibi wa miaka 78 mwenye kilo 42. Wote wapimwe, karatasi zao zitoke na namba ile ile ya kreatinini, mikromoli 100 kwa lita. Maabara huenda isiweke alama yoyote nyekundu. Ukikokotoa kwa umri na uzito, figo za kijana zinachuja zaidi ya mililita 100 kwa dakika. Za bibi ni kama 27. Misuli ya bibi ni midogo, haizalishi kreatinini nyingi, kwa hiyo namba yake inapendeza huku chujio limeziba. Mkipewa karatasi, ulizeni: umekokotoa kwa umri wangu? Hamtamkosea mtu adabu.

Mimi nililijua hilo darasani, nikalisahau kazini. Miaka mingi iliyopita, hospitali nisiyoitaja, alikuja mwalimu mstaafu, mwembamba kama fimbo, akiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Akaniambia jambo la ajabu: "Shule ya mjukuu wangu wamebadilisha sweta." Zilikuwa nyekundu, eti sasa ni za kahawia. Mjukuu alikuwa amekaa hapo hapo pembeni, na sweta lake jekundu kama pilipili. Nikapima macho, herufi anasoma karibu zote, nikaona nyuma ya jicho hapana kasoro. Nikamwambia ni uzee tu, mwalimu. Ndiyo, mimi. Neno lile lile.

Alirudi baada ya wiki tatu ameshikwa mkono. Kati ya dawa nne za kifua kikuu anazoanza nazo mgonjwa, mojawapo, ethambutoli, hutolewa na figo. Figo zikiwa dhaifu dawa inarundikana, na inapoumiza ni kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Rangi nyekundu na kijani ndizo huanza kupotea, na kwa kuchungulia huwezi kuona kitu. Mgonjwa mwenye figo dhaifu hupewa kwa nafasi, mara tatu kwa wiki badala ya kila siku. Karatasi ya mwalimu ilikuwa na kreatinini nzuri kabisa, kwa mtu mwenye misuli. Tuliisimamisha ethambutoli, wenzangu wa kifua kikuu wakampangia upya. Ilipita miezi mingi ndipo alipoanza tena kusoma vichwa vya habari. Sweta lilibaki la kahawia.

Tangu siku ile, hata vidonge vya kushusha presha ya macho, asetazolamaidi, siandiki kwa mzee kabla sijajua figo zake. Na ninyi dawa za maumivu ya magoti, diklofenaki na wenzake, mnazonunua duka la dawa kama karanga, punguzeni mkono. Zinaziumiza figo polepole, na mnakuja kwangu kulalamikia macho.

Basi. Pale mlangoni kuna meza, na muuguzi ana vikopo. Choo cha wanaume kiko kulia, cha wanawake nyuma ya jengo. Leteni kidogo tu, tunachovya kijiti na jibu linatoka papo hapo, halafu mje huku kwangu niwatie matone. Mliokuja mnaendesha gari, funguo wapeni vijana, maana mboni ikishapanuka jua la nje litawaumbua.